Ng'ombe Kumi na Wanne wa Enoosaen

Katika maongezi haya twataka kuwasimulia habari ya zawadi moja iliyotolewa kwa moyo safi na kupokewa kwa moyo safi, na juu ya hayo mtoaji na mpokeaji wasielewane kwa muda wa miaka minne. Hawakugombana, wala hakuna aliyemtukana mwenziwe. Kila mmoja alimshukuru mwenziwe sana, na kila mmoja alikuwa akifikiri jambo lake.

Habari hii haikutukia Butiama. Lakini twapenda watu wa Butiama waisikie kabla ya wengine, kwa sababu wao ni wafugaji, wajua ng'ombe ni kitu gani, na tena kwa sababu wao ni majirani wa zamani wa hao watu tutakaowataja. Mtu akisimama Mwitongo, pale kilimani Butiama alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, akamwendea mzee yeyote wa Kizanaki na kumwuliza, "Babu, je, Mmasai amepata kukupa ng'ombe bure?" yamkini mzee huyo atacheka kwanza kabla ya kujibu. Na kicheko chake kina historia ndani yake.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, Wamasai walikuwa wakishuka kutoka mbuga za mashariki, vijana wenye mikuki na ngao, kuja kuteka ng'ombe za Waikoma, za Wanata, za Wangoreme, za Waikizu na za majirani zao mpaka huku karibu na Ziwa. Watu wakahamia vilimani, wakajenga penye mawe, wakaweka walinzi. Wala Wamasai hawakuona kwamba huo ni wizi. Wao wasimulia kwamba Mungu, ambaye wamwita Enkai, hapo mwanzo wa dunia aliwateremshia ng'ombe wote kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, akawapa wao peke yao. Basi Mmasai akimkuta ng'ombe katika zizi la mtu mwingine, hesabu yake ni nyepesi: ng'ombe huyu alipotea zamani, na leo anarudi nyumbani. Hoja hiyo ni nzuri sana kwa mwenye mkuki. Kwa mwenye zizi haikuwa na ladha.

Hata hivyo haitupasi kuwafikiria watu hao kama kwamba hawakupata kulia. Kati ya mwaka 1890 na 1892 sotoka iliingia nchi zetu ikaua ng'ombe kwa makundi, na nyuma yake ikaja ndui. Wamasai wauita wakati huo Emutai, maana yake maangamizi. Mwaka 1892 msafiri mmoja Mwaustria, jina lake Oscar Baumann, alipita Ngorongoro akawakuta Wamasai wamekonda hata mifupa yao yahesabika, wake kwa watoto, wakiomba chakula kwa wapita njia. Wale waliokuwa wakiteka makundi ya watu sasa walikwenda kuomba hifadhi kwa watu wale wale waliowateka. Wengine walipokelewa, wakakaa, wakaoana na wenyeji. Basi Mmasai ajua kuiona huzuni ya mtu aliyepotewa na kila kitu, maana babu zake waliionja.

Sasa tuuvuke mpaka. Mto Mara, ule upitao chini ya daraja la Kirumi katika njia ya kutoka Musoma kwenda Tarime, chanzo chake ni katika milima ya Mau, nchi ya Kenya. Hushuka ukipita katika mbuga za Wamasai, ukaingia Serengeti, ukaja kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ng'ambo ya magharibi ya mto huo, upande wa Kenya, si mbali na mpaka wetu, iko sehemu iitwayo Trans Mara, na katika sehemu hiyo kipo kijiji cha Enoosaen. Ni kijiji cha Wamasai wafugaji. Katika mwaka wa mambo haya umeme ulikuwa kitu kigeni pale, na habari za dunia zilifika kwa redio tu.

Katika kijiji hicho alizaliwa kijana mmoja, Wilson Kimeli Naiyomah. Alisoma kwa shida, akaendelea mpaka akapata nafasi ya kwenda Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Stanford, nia yake apate kuwa daktari. Tarehe 11 Septemba 2001, kwa bahati, yeye alikuwa katika mji wa New York. Siku hiyo watu wabaya walizigeuza ndege za abiria kuwa silaha, wakazigongesha katika majumba mawili marefu ya mji ule, na nyingine katika makao ya jeshi karibu na Washington, na ya nne ikaanguka shambani. Watu wapatao 3,000 walikufa. Kila moja la majumba yale mawili lilikuwa na orofa 110, na urefu wake ulipita mita 400. Yote mawili yakaanguka asubuhi ile ile moja.

Naiyomah aliporudi kwao katika mwezi wa Mei 2002, aliwasimulia wazee aliyoyaona. Walikuwa wamesikia redioni kwamba kuna msiba Marekani, lakini kusikia ni jambo moja na kufahamu ni jambo jingine. Mmasai hujenga nyumba ambayo mtu mzima huinama akiingia. Ukimwambia kwamba kuna nyumba ndefu hivi kwamba mtu akiruka kutoka juu yake hufa kabla hajapata la kusema, atakutazama usoni aone kama wafanya mzaha. Wazee walimwuliza kijana wao tena na tena. Hata walipokwisha sadiki, walinyamaza, na baada ya kunyamaza wakasema lazima jambo lifanyike.

Kijana alikuwa ameazimia jambo lake tayari. Aliwaambia wazee kwamba ataka kumtoa ng'ombe wake kwa ajili ya watu wa Marekani, akawaomba wambariki ng'ombe huyo. Wazee wakakubali, tena na wengine wakasema kwamba wao pia watatoa. Huyu akatoa mmoja, na yule mmoja, mpaka hesabu ikafika ng'ombe kumi na wanne. Msomaji aliye mfugaji na asimame kidogo hapa. Watu hawa hawakuwa matajiri. Ng'ombe kwao ni maziwa ya mtoto, ni mahari ya kijana, ni akiba ya siku ya njaa, ni heshima ya mzee mbele ya wenzake. Nao waliowapa ni taifa lenye mali kuliko mataifa yote ya dunia. Lakini hawakuhesabu nani tajiri na nani maskini. Waliangalia nani amefiwa.

Habari ikapelekwa Nairobi, katika Ubalozi wa Marekani. Na ubalozi huo wenyewe ulikuwa na jeraha lake. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliyotegwa ndani ya magari yalilipuka siku moja Nairobi na Dar es Salaam, mbele ya balozi za Marekani, yakaua watu 224. Wengi wao walikuwa wenyeji wa nchi hizi, na wengi zaidi walikufa Nairobi. Basi wale maofisa walijua msiba ni nini, na walijua vile vile kwamba Mwafrika wa Mashariki alikwisha umizwa na watu wa namna ile ile kabla ya wao kuumizwa kwao.

Mwanzoni mwa Juni 2002 naibu wa balozi, Bwana William Brencick, alifunga safari kwenda Enoosaen. Alikuta mkutano mkubwa. Wanaume kwa wanawake wamevaa mashuka mekundu na shanga zao zote, nyimbo zaimbwa, na vibao vimeandikwa maneno ya kuwapa pole watu wa Marekani. Wazee wakawaombea dua wale ng'ombe, kisha wakawakabidhi kwa mgeni.

Hapo ndipo penye kichekesho chetu. Bwana yule alisimama mbele ya ng'ombe kumi na wanne walio hai, wenye pembe, wenye njaa, ambao sasa ni mali ya serikali yake. Alikuwa amesafiri mwendo mrefu wa gari kuja kupokea rambirambi, na rambirambi yenyewe ilikuwa ikimtazama na kucheua. Alishukuru kwa maneno mazuri, kwa kuwa alielewa kwamba kwa Wamasai hakuna pole iliyo kubwa kuliko hiyo. Lakini akili ya ofisa ni akili ya ofisa. Alikwisha jiuliza: ng'ombe hawa watasafirije? Kutoka Enoosaen mpaka bandari ya Mombasa ni kuivuka karibu nchi nzima ya Kenya, na kutoka Mombasa mpaka New York ni bahari mbili au tatu. Nauli ya ng'ombe mmoja ingepita thamani ya zizi zima. Tena iko sheria. Kenya ina ugonjwa wa miguu na midomo, na Marekani, ambako ugonjwa huo haujaonekana tangu mwaka 1929, haikubali kabisa ng'ombe wa kutoka nchi yenye ugonjwa huo aingie. Hata kama ng'ombe wale wangepewa tikiti bure, wangerudishwa mlangoni.

Basi akawaambia wenyeji kwamba kuwasafirisha ni vigumu, na kwamba shauri la ubalozi ni kuwauza ng'ombe, na kwa fedha itakayopatikana kununua shanga na mapambo ya Kimasai, yapelekwe Marekani yawekwe kuwa ukumbusho.

Kwa mtu wa mjini shauri hilo ni zuri. Ni la busara, ni la adabu, fedha yenyewe yabaki kwa Wamasai, na shanga zaingia katika sanduku. Nasi hatumcheki bwana yule kwa ubaya. Kama tungekuwa sisi, yamkini tungetoa shauri baya zaidi. Lakini kwa mfugaji, sikiliza maana yake. Umefiwa, jirani akuletea ng'ombe wa kukufuta machozi, nawe wamwambia, "Ahsante sana, nitampeleka sokoni, nikipata bei nitanunua ushanga." Na ushanga huo waununua kwa mkewe!

Ili tufahamu kosa lilikuwa wapi, yafaa tujue desturi moja ya Wamasai. Rafiki akimpa rafiki yake mnyama, tangu siku ile wawili hao huacha kuitana kwa majina yao. Huitana kwa jina la kile kilichotolewa. Waliopeana ng'ombe huitana pakiteng, waliopeana kondoo huitana paker, na kadhalika. Mnyama aweza kufa, aweza kuliwa na simba, aweza kuzaa wajukuu na vitukuu, jina haliondoki. Kwa hiyo ng'ombe katika desturi hiyo si bei ya kitu, bali ni fundo la kamba baina ya watu wawili. Siku ile ya Juni, kwa hesabu ya wazee wa Enoosaen, taifa zima la Marekani lilipata jina jipya, nalo halikujua.

Wala kumwacha ng'ombe kwa mtu mwingine si jambo geni kwa wafugaji. Huku kwetu Mara, kama kwa wafugaji wengi, mtu mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa rafiki au kwa shemeji wa mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili usalie. Anayewatunza hunywa maziwa, na mwenyewe hubaki mwenyewe. Mwanafunzi wa darasa la pili ajua jambo hilo kwao. Kama mgeni angesema tangu mwanzo, "Nimewapokea, nitunzieni hapa hapa," mambo yangekwisha siku ile ile, na watu wangekula na kutawanyika. Yeye alidhani kwamba mtu akipewa kitu lazima akichukue. Wao hawakudhani kwamba mtu akipewa ng'ombe aweza kumgeuza kuwa kitu kingine.

Katika historia ya pwani yetu iko zawadi nyingine ya mnyama iliyofahamiwa visivyo, ingawa hiyo ilisafiri kweli. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China, mbele ya mfalme aitwaye Yongle, wakiwa na twiga. Mwaka mmoja kabla yake twiga mwingine alikwisha pelekwa huko na mfalme wa Bengal. Wachina katika vitabu vyao vya kale walikuwa na mnyama wa mbinguni aitwaye qilin, ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona, na ambaye, kama walivyosadiki, huonekana tu wakati wa mfalme mwema sana. Walipomwona twiga, mrefu, mpole, mwenye madoa, asiyefanana na mnyama wao yeyote, maofisa wa baraza wakasema, huyu ndiye qilin! Wakataka kumpa mfalme hongera rasmi, naye akakataa. Picha ya twiga yule wa Bengal ilichorwa, pamoja na maneno ya sifa. Watu wa Malindi walikuwa wamepeleka mnyama wa porini. China ilipokea dalili kutoka mbinguni. Miaka michache baadaye merikebu za jemadari Zheng He ziliwarudisha wajumbe kwao na zawadi nyingi. Hatudhani kwamba wajumbe wale walijisumbua kusahihisha kosa hilo.

Turudi Enoosaen. Habari za ng'ombe zilichapishwa katika gazeti kubwa la New York katika juma lile lile, na Wamarekani wa kawaida walizisoma wakalia. Kisha wakasoma mbele kidogo, wakakuta habari ya kuuza na shanga, wakakasirika. Wakaandika barua, wakakusanya saini, wakiiomba serikali yao isiwauze ng'ombe. Wengine walitaka wapelekwe Marekani kwa vyovyote. Wale watu wa mijini, ambao pengine hawakupata kumkamua ng'ombe hata siku moja, waliielewa zawadi ile upesi kuliko maofisa waliotumwa kuipokea. Nasi twafikiri sababu yake ni hii, kwamba wao hawakuulizwa habari ya nauli.

Ng'ombe hawakuuzwa. Walibaki pale pale Enoosaen, wakatunzwa na wenyeji mbali na ng'ombe za watu, wakawekewa alama masikioni. Miezi ikapita, kisha miaka, bila neno kutoka ubalozini. Na hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Waliotoa walikuwa wametoa kitu cha thamani mbele ya watu wote, na aliyepewa amekaa kimya. Hawakujua kama zawadi yao imekubaliwa ama imesahauliwa. Maskini akimpa tajiri kitu, naye tajiri akakisahau, maskini huona haya kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Jibu lilikuja katika mwezi wa Septemba 2006. Balozi mpya, Bwana Michael Ranneberger, alifika mwenyewe Enoosaen. Hakuleta meli wala mnunuzi. Aliwashukuru wazee, akawaambia kwamba ng'ombe wa Marekani wakae pale pale chini ya ulinzi wa Wamasai, kisha akatangaza msaada wa fedha za masomo kwa watoto kumi na wanne wa sehemu ile, wavulana na wasichana. Mtoto mmoja kwa kila ng'ombe. Hesabu hiyo haikuhitaji mkalimani, na wazee waliielewa mara moja: hii ndiyo zawadi ya kurudisha, kama pakiteng apasavyo kufanya.

Mwaka 2009 kilitoka kitabu cha watoto kilichoandikwa na Bibi Carmen Agra Deedy pamoja na Naiyomah mwenyewe, na kwa kitabu hicho watoto wengi wa Marekani walilijua jina la Enoosaen kabla hawajajua Kenya iko wapi.

Na wale ng'ombe waliendelea na kazi yao ya kula majani. Walizaa, na ndama nao wakahesabiwa kuwa wa Marekani. Jioni walirudi zizini pamoja na kijana mchungaji na fimbo yake, mali ya serikali kubwa iliyo ng'ambo ya bahari, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kuiona Mombasa.